Kompyuta Tatu Zilizokaa Bure

Mama Nathalie,

Natangaza kwa heshima zote: jana mume wako alikula bukari na samaki bila kuchafua shati.

Hapa Kolwezi vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno, na mimi nimegeuka mpelelezi. Mgodi uliniita kwa sababu ya kompyuta nne zinazogawana hesabu moja, ya kujua kama ukuta wa shimo la mgodi utashika bila kubomoka mvua zikianza. Hesabu ilikwama, nikakuta tatu zimekaa bure. Bosi akaninong'oneza kwamba Mama Kapinga, mhandisi anayezitunza, anazitoa kwenye hesabu azitumie kwa biashara yake, na kwamba yeye bosi atamfukuza. Nami nikaamini! Nikajificha nyuma ya kabati nimvizie. Tumbo likabaki nje.

"Tata, unatafuta muizi?" akauliza Mama Kapinga alipoingia.

"Natafuta kalamu, mama."

"Mi sikugusa ata kitu. Kuya, tuangalie pamoya."

Tukakaa, tukasoma ujumbe ambao mashine hizo hutumiana.

Wabusu watoto, nawe upumzike, ninakuwaza sana. Sasa ukweli wenyewe. Kila kompyuta ikimaliza kipande chake cha ukuta, hungoja majibu ya jirani zake ndipo iendelee. Ya nne ilikuwa inajikokota kwa joto, feni yake imezibwa na vumbi, na zile tatu zilikuwa zinaingoja tu. Nilimwambia bosi, Mama Kapinga akisikia, kwamba hakuna mwizi. Kazi yake imebaki. Ila mimi niliyemvizia, hadi leo hanisalimu.

Tata Nathalie