Mkwaruzo wa Getini

Baba watoto,

Chakula chako kiko jikoni, kipashe moto. ~~Samahani kwa kukununia.~~ Sina samahani yoyote.

Asubuhi kwenye geti la shule ulinishusha kwenye usukani mbele za watu, eti ile nafasi kati ya magari mawili ni finyu, mimi sitaiweza. Ukaingia kinyumenyume kwa mbwembwe, ukakwaruza gari la mwalimu mkuu. Alipotoka ukamwambia, "Msamehe mke wangu, bado anajifunza." Nikakusitiri.

Lakini binti yetu alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Nilipompeleka darasani akaniuliza kwa nini baba amedanganya. Nimemwambia jibu unalo wewe, akuulize.

Kamchukue saa tisa. Usichelewe, anakusubiri.

Mama watoto