Kadi ya Kubakiziana

Tarehe 3 Februari

Mpendwa mama mdogo,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kisha ndiyo nikusalimie, maana nikianza na salamu nitalimeza tena. Sioni mbali. Tangu darasa la tano sijawahi kusoma ubaoni. Nimemaliza shule kwa kumsikiliza mwalimu na kunakili daftari la mwenzangu wa dawati.

Sasa shikamoo. Habari za kazi? Sisi wazima. Mama bado anashona sare pale kiwandani, na mdogo wangu wiki mbili hizi hajabanwa na pumu.

Nilinyamaza kwa sababu bima ya mama ni moja na sisi tuko watatu. Kila mdogo wangu akipelekwa hospitali niliona kama inapungua, nikawa nambakizia. Lakini juzi nimesoma kijitabu cha bima hiyo: mtegemezi hukoma akitimiza miaka kumi na minane. Mimi naitimiza tarehe 2 Machi. Mtegemezi ndiyo mimi? Na rufaa ni nini? Wewe unakaa dirisha la bima hospitalini, nieleze polepole. Nimeitwa chuo cha uuguzi, na nikiwa mlangoni mwa wodi siwezi kusoma namba za vitanda.

Mwanao

Tarehe 10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma dirishani, foleni ikanisubiri, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Sikiliza. Bima si kipande cha sabuni, kwamba mdogo wako akioga wewe unabaki na povu. Mama yako ni mchangiaji: kila mwezi mshahara wake unakatwa kidogo. Kidogo hicho kinaingia chungu kimoja na cha madereva, walimu, wapishi, maelfu ya watu ambao hamtajuana. Anayeugua ndiye anayetibiwa kutoka humo. Usipougua mwaka mzima hakuna kinachowekwa kwa jina lako, kimeshamtibu mwingine. Miaka tisa niko hapa na bado nashangaa. Jana amepita mama aliyejifungua mapacha kwa upasuaji. Sehemu ya uzi wa mshono wake ni jasho la dada yangu, na hawajuani.

Mtegemezi ndiyo wewe, mtoto uliyeandikwa chini ya jina la mama yako. Rufaa ni karatasi: unaanza zahanati ya karibu, wao wanakuandikia uende kwa daktari wa macho. Bila karatasi hiyo utarudishwa. Miwani ya mtoto imo kwenye mafao, yaani yale ambayo bima inayalipia. Zimebaki siku ishirini. Mwambie mama yako.

Mama yako mdogo

Tarehe 1 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima na foleni haikuchoshi.

Nilikaa na barua yako siku sita ndipo nikamwambia mama. Hakunigombeza. Aliweka chini sare aliyokuwa anaitia vifungo, akaniuliza, "Miaka yote hiyo?" Kesho yake tulikuwa zahanati, rufaa ikaandikwa, na jana nimevaa miwani.

Miti ina majani, moja moja, mpaka juu kabisa. Nilidhani na nyie mnaona kitu kimoja cha kijani. Njiani nilimtazama kila mtu, muuza magazeti, fundi baiskeli, mlinzi wa getini, nikawaza labda huyu ndiye aliyenilipia. Nilitamani nimshukuru hata mmoja, nikaona haya.

Kisha tukakaa kula, nikamwona mama. Anatafunia upande mmoja, na shavu la kushoto limevimba. Nikamuuliza jino linamuuma tangu lini. "Jino gani?" akasema, akacheka huku ameziba mdomo. Nikamsomea maneno yako kuhusu chungu cha pamoja. Akanijibu taratibu, "Hayo ni kwenu watoto. Mimi nikianza kuichokonoa hiyo bima, kifua cha mdogo wako kitabaki na nini?"

Mwandikie wewe, dada yako anakusikiliza. Mweleze habari ya sabuni kana kwamba umeikumbuka tu, na umwambie mchangiaji naye anatibiwa. Usitaje jino, wala usiseme ni mimi niliyekuambia habari ya shavu. Amezoea kuwa na mtoto asiyeona; akijua nakuandikia ninayoyaona, ataanza kujificha hata kwangu. Hili libaki kwako peke yako, mama mdogo.

Mwanao