Tatu au Tano

Jumatatu, 2 Juni

Mafunzo ya timu ya chumba cha uongozi yameanza. Chumba chenyewe ni hema — meza mbili, ramani ubaoni. Mimi niko redioni: nawasikiliza askari walio nje, natamka nambari za mahali walipo. Sajini tunayemwita Rula anachomeka pini kwenye ramani. Meja anaangalia pini, anaamua mizinga ipige wapi. Wiki hii ni mchezo tu. Afadhali! Sikio la kulia lilikufa kwenye ule mlipuko wa mwaka jana, na la kushoto nalo limeanza kunisaliti. Hakuna anayejua. Koplo wa redio asiyesikia, wa kazi gani?

Jumatano, 4 Juni

Nimeua watu thelathini. Kwenye karatasi, lakini nimewaua. Redio ilisema tano, mimi nikatamka tatu. Rula akachomeka, na mizinga ya mchezo ikaiangukia platuni yetu wenyewe. Meja akauliza nani kaweka pini pale. Rula akasema ni yeye.

"Sajini, hayo macho ya kuonea au ya pambo?"

Watu wakacheka. Rula akanigeukia. Nikainamia daftari, mtakatifu mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Rula kanikuta bombani. Hakugomba. Kauliza tu nilisikia nini. Nikasema tatu. Kweli tupu — na ndiyo inayonitisha.

Jumapili, 8 Juni

Mama kapiga simu. Mara akapaza sauti: "Mwanangu, nimekuuliza kama umekula, unanijibu habari za mvua!" Nikasingizia mtandao. Akaanza, mficha maradhi... Nikamkatiza.

Jumanne, 10 Juni

Kesho ni risasi za moto, si mchezo tena! Platuni itakuwa bondeni kweli, watu wenye mama zao.

Jumatano, 11 Juni, saa nne asubuhi

Saa tatu na nusu redio iliita. Nambari ya mwisho: ta— Nikaomba warudie. Wakarudia. Ta— tena! Hedifoni nimeikandamiza hadi sikio linauma. Rula kashika pini hewani, macho kwenye mdomo wangu. Nje mizinga imeshajazwa.

"Koplo, nambari!" Meja akafoka.

Nikapiga kelele: "Simamisheni! Msipige!"

Meja akauliza kulikoni. Nikasema sikusikia.

"Redio mbovu?"

Kichwa kikaitikia chenyewe. Ndiyo. Mungu wangu, ndiyo! Rula akaiweka pini mezani, akanipa mgongo.

Sasa fundi wa redio ameifungua hapa mbele yangu. Kajaribu waya mmoja mmoja. Kavaa hedifoni. Wa bondeni wanamsomea nambari, naye anaziandika zote, hajaomba kurudiwa hata mara moja. Meja amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Fundi anakaza skrubu ya mwisho. Anavua hedifoni. Anageuka —