Kamba ya Mgomba

Mjukuu wangu Veronika,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia huku Mshangano. Mvua zimeanza, mdogo wako anakwenda shule, na mama yako bado yuko kitandani.

Unaniuliza kama nilielewa barua yako, kwamba jeni ya kuzuia kansa haijaharibika mwilini mwake, ila imefungwa. Uzi wa jeni umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Alama za methili, kemikali ndogo, zikibandikwa mahali fulani pa histoni, jeni husomeka. Zikibandikwa pengine, uzi hukazwa na jeni hunyamaza.

Nimeelewa. Marehemu mama yangu alikuwa akining'iniza mahindi juu ya jiko, kwenye moshi, kwa kamba ya mgomba. Kamba ni ile ile. Ikifungwa kwenye kikonyo, hayo ni ya kula. Ikifungwa nchani, ni mbegu, na mbegu hafungui mtu ila aliyeifunga, au akifa, ndugu yake wa tumbo moja. Alifariki kabla ya kupanda. Mvua ikanyesha, shamba limelimwa, nasi tumekaa tunayatazama, tukimsubiri mama mkubwa, dada yake, aje kutoka Tunduru atufungulie. Alipofika, mvua ilikuwa imekatika. Mahindi yalikuwa mazima kabisa. Hatukuvuna kitu.

Unasema dawa za kuondoa alama hizo zipo, ila kwa kansa ya mama yako bado zinajaribiwa.

Jana aliniuliza umeandika nini. Nikamwambia, umesema mwilini mwake kuna kitu bado kizima. Akatabasamu, Vero. Nikatoka nje.

Bibi yako