Shangazi Ameosha Umuvure

Nyamiaga, Jumapili. Mvua imeanza alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka. Ukungu umekaa juu ya migomba na hauonyeshi dalili ya kuondoka. Mimi nami nimekaa tu, sina raha.

Niandike, labda nitapumua.

Mnaonisoma hapa mnajua ninasomea hamira. Kwa usahihi zaidi, ninasoma jinsi seli inavyojila yenyewe ikishikwa na njaa. Kila nikisema hivyo watu hukunja uso, kwa hiyo nimezoea kutoa mfano wa nyumbani. Kaya ikiishiwa kuni msimu wa mvua, hubomoa banda bovu la kuku ili mbao zake zipikie uji. Seli nayo hukusanya sehemu zake zilizochakaa, ikazifungia kwenye kifuko, ikazivunjavunja, na kinachopatikana ikajengea vipya. Tunatumia hamira kwa sababu ni kijidudu cha seli moja, huota haraka, na kazi hiyo huifanya karibu sawa na seli za miili yetu. Anayeielewa kwenye hamira amepata pa kuanzia kuelewa inapokwama kwa mgonjwa.

Hamira yangu niliitoa hapa hapa, kwa Shangazi, dada mkubwa wa baba. Anapika pombe ya ndizi tangu sijazaliwa. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi ndani ya umuvure, lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, kisha juisi huongezwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuna anayetia hamira. Hamira inaishi kwenye mbao za umuvure wenyewe, ndani ya nyufa, inangoja ndizi nyingine. Mwaka jana nilichukua mashapo kidogo, nikayaotesha maabara, nikapata hamira ambayo ukiinyima chakula haifi upesi kama wenzake. Nyingine zilipokwisha, hii ilikuwa bado inajila taratibu na kuishi. Msimamizi wangu, mtu asiyesifia kitu, alisema hiyo peke yake inatosha kuwa tasnifu.

Kisha wakati wa likizo friza ya maabara ikazimika, na hakuna aliyejua mpaka tuliporudi. Nilijaribu kuotesha upya kila kichupa. Uliota ukungu tu.

Sikulia. Nilijiambia hamira ipo kwa Shangazi, ni suala la kupanda basi. Nikampigia simu kwamba nakuja kuchukua tena mashapo ya pombe yake, kuna wataalamu chuoni wanayasubiri.

Sikumwambia asiguse kitu. Haikunijia kabisa.

Nilifika juzi. Shikamoo, marahaba, na begi likiwa bado mkononi akanishika kunipeleka nyuma ya nyumba. Umuvure ulikuwa umeegemezwa ukutani, mweupe. Maisha yangu yote nimeujua ukiwa mweusi.

"Nimeusugua na mchanga na maji ya moto, sabuni ya unga mara mbiri, nikauanika," alisema. "Hao wataaramu wasije wakasema mwanangu anatoka kwa wachafu."

Mashapo ya zamani aliwamwagia nguruwe. Hata kibuyu cha kuonjea alikuwa amekitupa, akanunua kikombe kipya.

Niliweka begi chini. Nikasema, "Umuvure umependeza, Shangazi."

Jana asubuhi, alipokwenda shamba, nilipitisha pamba kwenye kila ufa nilioweza kuufikia. Nitaotesha kilichonaswa na hizo pamba, lakini zinanukia sabuni na sina matumaini nazo. Mchana nikateremka kwa Mama Adela, jirani yetu wa bondeni, ambaye naye hupika. Alinijazia nusu chupa ya mashapo bila kuniuliza ni ya nini.

Sasa nikiri. Tangu nilipotoka kwa Mama Adela nilikuwa nikifikiria kuandika jina la Shangazi kwenye chupa ile. Chini ya hadubini hamira hizi zinafanana kama punje za ulezi. Ikishindwa kuvumilia njaa, nitasema imebadilika njiani. Huo uongo niliupanga wote nikiwa napandisha kilima kurudi nyumbani, na sababu zake, na majibu ya maswali yatakayoulizwa. Nilijiogopa.

Leo kanisani ndipo mambo yalipozidi. Baada ya misa Shangazi aliwakusanya wanawake wenzake barazani, akawaambia pombe yake inakwenda chuo kikuu, itasaidia watu watibiwe. Walimpongeza mmoja mmoja. Huyu ni mtu ambaye kwenye kila sherehe yuko jikoni, hajawahi kuketi mbele, na leo alisimama katikati anacheka kama bibi harusi. Mama Adela alikuwepo. Alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Nilikuwa na nafasi ya kumvuta Shangazi kando. Sikuitumia.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Kwenye chupa uandike jina rangu, herufi kubwa. Wajue ni ya nani."

Nilikaa chumbani na kalamu. Yeye angefurahi, msimamizi angefurahi, mimi ningehitimu. Anayedhulumiwa ni nani? Nilijiuliza hivyo kweli, kama wakili. Kisha nikamfikiria mwanafunzi wa chuo kingine atakayeomba hamira hiyo, ajenge kazi yake juu yake, imgomee, naye ajione mjinga bila kujua kwamba nilimdanganya mimi. Hapo hoja zangu ziliisha.

Nikaandika jina la Mama Adela kwenye chupa ya Mama Adela. Nikamtumia msimamizi ujumbe kwamba hamira ile haipo tena. Hajajibu. Nikaenda jikoni.

Nilimweleza Shangazi kwa Kihangaza, maana kwa Kiswahili ingekuwa kama tupo ofisini. Kwamba nilichokifuata kilikuwa ndani ya ule weusi. Kwamba yeye hana kosa, mimi ndiye sikumwambia. Aliendelea kumenya ndizi, hakuniangalia.

"Juzi ulisema umependeza," alisema.

"Nilikudanganya, Shangazi."

"Na leo pale kanisani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alimaliza kumenya ile ndizi, akanawa mikono, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama mvuani, anaugeuza umuvure uso chini.

Jioni hii amenipakulia chakula changu, nacho kingi kama kawaida, akaenda kula cha kwake jikoni peke yake. Nasikia aibu ambayo sijui niiweke wapi. Hamira hata sijui kama inamuuma. Kinachomuuma ni wale wanawake, na mimi niliyemwacha asimame mbele yao.

Basi la Biharamulo linapita asubuhi. Shangazi hajawahi kuniacha nitembee peke yangu mpaka barabarani, hata mwaka ule alipokuwa na mguu mbovu.

Kesho nitajua.