Baba Ametoka Vizuri Pichani

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tunapumua. Mama ni mzima, ila mtoto wa jicho sasa amefunika macho yote mawili. Ananitambua kwa sauti.

Juzi Jumamosi nilimpeleka Makumbusho ya Taifa. Alikuwa amesikia kuna chumba kipya cha ule mgomo wa kiwanda cha nguo, mgomo wa kabla hajaolewa, ambao Baba alitusimulia maisha yake yote kwamba aliuongoza. Mlangoni Mama alimwambia mkata tiketi kwamba yeye ni wa kale kuliko vitu vyao vyote, kwa hiyo wao ndio wamlipe. Watu wakacheka. Tukapita sanamu na michoro bila kusimama. Alimtaka mumewe tu.

Tulimpata. Picha ni kubwa kama mlango. Baba yumo, na lile sikio lake lililokatika ncha. Ila, dada, amevaa sare ya walinzi wa kampuni, rungu liko juu, na aliyelala chini akijikinga uso ni baba mdogo. Kibao kinasema walinzi wanawapiga waliogoma. Jina la baba mdogo limeandikwa kamili. La Baba halipo.

Baba mdogo ndiye tuliyemfukuza kwenye msiba wa Baba kwa sababu alimwita marehemu kibaraka wa kampuni. Wewe ulimmwagia maji, mimi nikamtupia viatu nje. Na Baba alivyotuchapa akituhubiria kwamba njia ya mwongo ni fupi! Yake imekwenda miaka arobaini.

Mama akaniambia nimsomee kibao. Hapa ndipo ninapokiri: nilisoma kwamba wafanyakazi mashujaa wanapambana na walinzi. Nikaushika mkono wake, nikauweka kwenye kioo, juu ya uso wa Baba. Msimamizi wa chumba akaja kutukataza kugusa. Mama akamjibu kwa majivuno kwamba huyu ni mume wake. Yule bwana akatazama kibao, akanitazama mimi, akaondoka.

Shajara yangu ya siku hiyo ina tarehe tu. Chini yake ni peupe.

Sasa Mama anataka kurudi na binti yako, amsomee kwa sauti mbele ya watu. Ama tumfundishe mtoto uongo wangu, ama mmoja wetu amwambie Mama. Kwa baba mdogo lazima twende, ingawa sijui kama atatufungulia.

Nisalimie wote hapo. Mama anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba Baba ametoka vizuri pichani.

Ni mimi,
mdogo wako