Wamekuruhusu Uende

Alhamisi, baada ya alasiri. Jua la Tiwi leo halina huruma, na mimi nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Hili sijamwambia mtu yeyote: mamangu amefutwa kazi kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba amepewa ruhusa.

Mama anafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Ijumaa iliyopita aliomba siku tatu, akapike kwenye harusi ya mpwa wake kule Mkwiro. Magharibi ikaingia meseji kutoka kwa msimamizi wake. Mama Kizungu hasomi. Akanisogezea simu kwa kiwiko, mikono imejaa unga.

"Hebu nisomee, mwanangu. Wasemaje hawa?"

Iliandikwa: "We have decided to let you go. All the best."

Nikatafsiri bila kusita. "Wamekubali uende. Wanakutakia kila la heri."

"Alhamdulillahi!" Akapiga kigelegele pale pale jikoni. "Hicho Kizungu chenu leo kimefanya la maana."

Let ni kuruhusu. Go ni kwenda. Nani angekosea?

Mimi.

Jumatatu mwalimu wa Kiingereza alitujazia ubao: let in, let off, let down, let go. Ukiachilia kamba mkononi, let go. Ukiacha kinyongo cha zamani, let go. Halafu akasema, bila hata kugeuka, kwamba mwajiri akitaka kukufuta kwa adabu pia husema let go. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mimi nina haya, sinyooshi mkono hata nikibanwa na haja. Nikanakili kwa mwandiko mzuri, Let go: kufuta kazi, nikapiga mstari kwa rula. Mstari ulienda upande.

Kwa adabu! Adabu gani hiyo? Kiswahili kina neno lake. Umefutwa. Ukilisikia unajua umefutwa, unalia, unajifunga leso yako unaondoka. Hili lao linakuvalisha nguo za harusi kwanza.

Na yule msimamizi si mgeni. Ni mtu wa Msambweni, kila asubuhi humwamkia mama shikamoo. Kiswahili chake kinapita changu. Lakini kumwambia "nimekufuta" mtu unayempa shikamoo kulimshinda, akajificha nyuma ya Kizungu. Namchukia kwa hilo.

Nami nilijificha wapi? Jumatatu ile ile ningeweza kuazima simu ya jirani nimpigie mama kule Mkwiro. Sikupiga. Nikajiambia mwache acheze, mwache afurahi. Uongo mtupu. Niliogopa.

Alirudi Jumanne jioni, amechelewa siku moja kwa sababu walimbembeleza abaki kuosha masufuria. Nilimpokea mkoba, nikamuuliza habari za harusi tu. Jana asubuhi akaenda kazini. Mlinzi akamzuia langoni: "Mama, jina lako halimo tena. Nimeambiwa urudishe sare." Msimamizi hakutoka hata kumtazama.

Tangu jana mama anajilaumu. "Ni ile siku moja. Nimejiponza mwenyewe kwa kupenda ngoma." Kamwambia jirani hivyo, kaniambia mimi hivyo, akichota maji anajiambia hivyo. Na leo mchana akaniletea karatasi nyeupe.

"Niandikie barua, kwa Kizungu kizuri, niombe radhi. Kesho nampelekea mwenyewe. Hata ikiwa ni kupiga magoti, nitapiga."

Magoti! Mbele ya mtu anayemwamkia! Kwa kosa ambalo halikumfutisha! Alikuwa ameshafutwa kabla hajapanda boti ya Mkwiro, na ile siku moja haikubadilisha kitu. Msimamizi anajua. Mimi najua. Asiyejua ni mama peke yake, na ndiye atakayepiga magoti.

Karatasi ya barua bado tupu. Badala yake nimeandika haya kwenye daftari, ili baadaye niyapandishe kwenye blogu yangu isiyo na jina, inayosomwa na watu wanne nisiowajua. Watu wanne wajue, mamangu asijue?

Hapana.

Nasikia ndara zake uani. Yuaja kuchukua barua yake. Siku zote nikisikia hatua, daftari hili huingia chini ya godoro kabla mlango haujaguswa.

Mama Kizungu hasomi. Kiswahili anasoma, polepole, akifuata mistari kwa kidole.

Mlango unasukumwa. Kalamu naiweka chini. Daftari naligeuza limwelekee yeye.